Daktari wa Akili wa Kajiado

Kwetu Kitengela mtu akiumwa na jino, ploti nzima itajua. Akiumwa na akili, husema ana presha. Mimi nilikuwa na presha kwa miaka mingi. Kila mwezi nilijifunga kitambaa kichwani, nikapanda gari la Namanga, nikashuka Kajiado kumwona daktari wa presha ambaye hakuwa wa presha. Kliniki ya karibu ilikuwepo, nyuma tu ya nyumba yetu, lakini benchi lake lilitazama barabara, na mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Wazazi wa wanafunzi wangu ndio waliopita pale wakienda kununua sukuma wiki. Nilijua habari inavyotembea: leo mwalimu ameonekana kwenye benchi, kesho mtoto anahamishwa darasa.

Hivyo ndivyo nilivyomjua yeye. Sitaeleza alizaliwa boma gani wala alisomea wapi, kwa sababu sikuwahi kumuuliza. Kuuliza ilikuwa kazi yake. Alikuwa daktari wa akili katika kliniki ndogo ya misheni nje kidogo ya mji, na sisi wa benchi lake tulimwita Daktari tu. Alikuwa mrefu, mwembamba, mwenye sauti ya chini. Ndewe za masikio yake zilikuwa zimetobolewa na kuvutwa utotoni kama za wazee wa Kimaasai, kisha zikashonwa alipokwenda chuo. Mshono ulionekana kila alipogeukia dirisha. Alivaa tai hata siku ambazo mabati yalilia kwa jua. Viatu vyake vilikuwa vyeusi vya kung'aa, na kwa kuwa vumbi la Kajiado halimheshimu mtu, kabla ya kila mgonjwa kuingia aliinama na kuvifuta kwa pamba.

"Mgonjwa akiona daktari mchafu," alisema, "atafikiri hata dawa ni chafu."

Wanawake wote, Wamaasai na wa kuja, alituamkia kwa Kimaasai. "Takwenya!" Nami mtoto wa Bungoma nilijifunza kujibu "Iko," na kila nilipojibu alitabasamu kana kwamba nimefaulu mtihani. Baada ya hapo uso ulifungwa. Hakupenda porojo. Alituhimiza tusikae na mambo moyoni, lakini wewe ukimuuliza habari za nyumbani kwake alisema, "Wako sawa," akatazama saa.

Na alikuwa mwoga wa sindano. Hilo tulilijua kwa sababu siku wafanyakazi wa kliniki walipochanjwa, yeye alijifungia msalani. Sista, yule muuguzi mkuu, alipiga mlango huku benchi zima likisikia. "Daktari, toka! Wewe huandikia watu sindano kila mwezi!" Akajibu kutoka ndani, "Mimi huandika. Sijasema naweza kuangalia." Tulicheka mpaka mama mmoja aliyekuwa hajatamka neno tangu asubuhi akafuta machozi. Mwishowe alitoka, akafumba macho kama mtoto, akachanjwa.

Miaka ile ya kwanza aliamini dawa kama mchungaji anavyoamini maandiko. Alichora ubongo nyuma ya karatasi yoyote iliyokuwa karibu, kitu kama koliflawa, akakugeuzia uone. "Ubongo ni kiungo, Mwalimu. Kama figo. Kama ini. Ukionja mboga uone chumvi imepungua, si unaongeza? Basi. Hii ni chumvi ya ubongo." Akaandika dawa, nami nikatoka.

Sitaki kuicheka sentensi ile, maana iliniokoa na aibu moja. Kabla yake nilikuwa nimeambiwa mengi. Mume wangu, Baba Sharon, alisema ni uchovu. Mama mkwe alipiga simu kutoka nyumbani akasema ni watu wa ukoo waliotangulia, wanadai. Kanisani waliniwekea mikono wakaniuliza kwa upole ni dhambi gani nimeificha. Daktari peke yake ndiye aliyesema kwamba sikufanya kitu. Chumvi tu. Nilimpenda kwa neno hilo, na nilimeza vidonge vyake kwa utiifu, na ni kweli usingizi ulirudi.

Kilichonifanya nianze kwenda kwake kilikuwa hiki. Baada ya Sharon nilipata mtoto wa pili, wa kiume, katika hospitali moja ya Nairobi. Hakumaliza wiki. Nilikuwa na homa, sikuweza kusimama. Waliniambia nipumzike, mambo mengine yatashughulikiwa, na Baba Sharon akaambiwa hivyo hivyo. Tukarudi Kitengela na begi la nguo mpya. Miezi michache baadaye nikaanza kumsikia. Alilia nyuma ya tangi la maji, kisha nyuma ya darasa la nne. Ningekuwa naandika ubaoni, nikaacha chaki, nikatoka kwenda kumtafuta. Nilimweleza Daktari habari za sauti, akaniuliza ni ya mtu mmoja au wengi, inatoka ndani ya kichwa au nje, inaniamuru au hainiamuru. Nilijibu yote. Hakuniuliza ilikuwa ya nani.

Mtu aliyembadilisha Daktari nilimwona kwenye benchi letu. Alikuwa mzee wa makamo, shuka nyekundu, mkono umeshika rungu hata akiwa amekaa. Aliletwa na ndugu zake wawili waliovaa viatu vya ngozi na kuongea na simu muda wote. Mara ya kwanza alitusalimia mmoja mmoja, kisha akatueleza bila kuulizwa.

"Mimi si mgonjwa," alisema. "Hawa wanataka kuuza shamba. Mimi nimekataa. Sasa wanasema kichwa yangu imeharibika, ndiyo nisiende kusimama mbele ya bodi ya ardhi."

Ndugu mmoja akatutazama na kutabasamu kwa huzuni. "Mnaona? Ni hiyo tu anasema. Usiku na mchana."

Nasi tukatabasamu pia. Hilo ndilo linaloniuma nikilikumbuka benchi lile. Tulikuwa watu wa aibu, kila mmoja na kitambaa chake na uongo wake wa nyumbani, lakini alipokuja mtu wa kumwonea huruma tulisogea kidogo, tukafurahi kuwa si sisi. Mama aliyekuwa karibu yangu alininong'oneza, "Huyo amezidi." Nikatikisa kichwa kukubali.

Mwezi uliofuata alirudi, akasema maneno yale yale kwa sauti kubwa zaidi, akashikwa, akadungwa. Mwezi mwingine alisema kwa sauti ndogo. Kisha rungu likawa linabebwa na ndugu yake, maana mikono ilikuwa inatetemeka. Mate yalimtoka pembeni mwa mdomo, akawa anatazama sakafu. Na hatimaye akanyamaza. Siku hiyo Daktari alitoka kumsindikiza mpaka mlangoni, akampiga bega kwa furaha. "Ameendelea vizuri," ndugu walisema. "Sasa hasumbui." Baada ya hapo hawakumleta tena.

Yaliyofuata niliyasikia kutoka kinywani mwa Daktari mwenyewe, si faraghani. Kliniki iliandaa siku ya wagonjwa na familia zao katika ukumbi wa kanisa. Kulikuwa na soda, viti vya plastiki, kwaya, wageni wa heshima mbele. Ukutani walitundika kitambaa kikubwa: UGONJWA WA AKILI NI UGONJWA KAMA MWINGINE. Mimi nilikaa nyuma kabisa karibu na mlango, kitambaa changu kimeshuka mpaka kwenye nyusi. Yule mzee alikuwa mstari wa mbele na mke wake. Mdomo wake ulikuwa unatafuna, unatafuna, na hakuna kitu ndani.

Daktari aliitwa kusema machache. Akageuka kwanza akakisoma kile kitambaa.

"Hayo maneno ni yangu," alisema. "Mimi ndiye nilisema yaandikwe. Na si uongo. Lakini leo nataka niwaambie vile niliyatumia kufunga mtu mdomo. Nimemuomba ruhusa yeye na mama hapa, wamesema niseme."

Mke wa mzee alikuwa ameketi wima, mikono juu ya magoti, hamtazami mtu.

"Huyu mzee aliniambia ndugu zake wanataka kumnyang'anya shamba," Daktari aliendelea. "Nikaandika hiyo ni dalili. Mwezi wa pili akasema tena, nikaongeza dawa. Alipoacha kusema, nikaandika amepata nafuu. Sikuwahi kwenda kuangalia. Kwake si mbali. Ukisimama kwa geti ya kliniki unaona miti yake."

Watu walianza kukohoa. Mgeni mmoja wa heshima akaanza kuifungua soda iliyokuwa imekwisha funguliwa.

Daktari akasimulia jinsi mke wa mzee alivyokuja kliniki siku moja peke yake, akakaa kwenye benchi mpaka zamu yake ikafika, akaingia. Daktari akaunyoosha mkono achukue kadi ya dawa. Mama akasema, "Sikuja kuchukua dawa. Nimekuja kukuchukua wewe." Wakaenda kwa miguu. Akaona seng'enge mpya inayometa, mawe yenye rangi yamepandwa mistari kwa mistari, barabara ya changarawe imepita mahali pa zizi, na ubao mkubwa unaotangaza ploti. Nyumba ya mzee ilikuwa imebaki ndani ya uzio wa mtu mwingine. Mzee mwenyewe alikuwa amekaa nje yake, anatetemeka, hawezi hata kushika kikombe. Ndugu walikuwa wameruhusiwa kuuza kwa kwenda mbele ya bodi na kusema yule mwenye shamba ni mgonjwa wa akili, anatibiwa, daktari anamjua.

"Na kweli," Daktari alisema, "daktari alikuwa anamjua."

Hapo mfawidhi wa shughuli akainuka haraka, akamshika Daktari mkono. "Asante sana Daktari kwa ujumbe mzito. Wakati nao umetutupa mkono. Tuitikie na kwaya!" Kwaya ikasimama. Wakati huo huo yule mzee wa mstari wa mbele aliuinua mkono wake, ule unaotetemeka, kuomba nafasi ya kusema. Daktari alimwona. "Mwacheni aseme!" alipaza sauti, lakini kipaza sauti kilikuwa kimechukuliwa na kinanda kimeanza. Mzee aliuweka mkono juu ubeti mzima. Sisi wa benchi tulikuwa wengi katika ukumbi ule. Hakuna aliyeinuka. Wimbo ulipokwisha mke wake aliushika ule mkono, akaushusha taratibu, kama mtu anavyoshusha kitu cha kuvunjika.

Baada ya siku hiyo mji ulimgeuka Daktari kidogo kidogo. Madaktari wenzake walisema anawatisha wagonjwa, na walikuwa na hoja. Wenye mashamba ya kuuza walisema anaingilia. Watu wa kawaida walisema lile wasemalo siku zote, kwamba anayelinda wendawazimu mwishowe hufanana nao. Aliandika maelezo kwa wakili wa mzee, akaenda kortini, akarudi, akaenda tena. Tai ilikuwa ile ile, viatu vile vile. Lakini maswali yake yalikuwa mapya. Alitaka kujua unakula na nani, nani anashika pesa ya nyumba, ukilia nani anasikia. Foleni ikawa ndefu mno. Wengine walikasirika, walikuwa wamezoea kuingia na kutoka. Sista alilalamika kwamba Daktari sasa anatibu ukoo badala ya mgonjwa.

Zamu yangu ilipofika, hakuchora ubongo. Aliweka kalamu chini.

"Mwalimu, ile sauti. Ni ya mtoto?"

"Ndiyo."

"Mtoto wako?"

Nikasema ndiyo.

"Alizikwa wapi?"

Kwetu hata mtoto wa siku moja ana mahali pake, nyuma ya nyumba, karibu na migomba, na bibi yake anajua ni wapi asije akapalima. Mimi, mwalimu, niliyewafundisha watoto wa watu ramani ya nchi nzima, sikujua wa kwangu yuko wapi. Niliinama nikaona viatu vyake vinavyong'aa, na nilitamani ardhi inimeze. Daktari hakusema pole. Alisema kwa sauti ya mtu anayejilaumu, "Umekuja hapa miaka hii yote, na mimi sijakuuliza."

Hatukumpata. Hospitali ilikuwa imebadilisha watu, waliobaki hawakujua. Lakini nilimwambia Baba Sharon, na kwa mara ya kwanza nilimwona analia; kumbe naye alikuwa ameubeba mzigo ule ule. Tukaenda Bungoma mwezi wa likizo. Mama mkwe hakulaumu mtu. Alichagua mahali karibu na migomba, tukazika shali aliyokuwa amefungwa nayo hospitalini, mzee wa kanisa akaomba, tukampa jina. Nilipokuwa narudi Kitengela nilijihisi mwepesi kama niliyetua mtungi.

Laiti mambo yangekomea hapo. Ningekuwa na kisa kizuri cha kusimulia kanisani.

Niliporudi nilitupa vidonge chooni. Nilijiambia Daktari mwenyewe amesema mbele ya watu kwamba dawa ni za kufunga watu midomo. Nilikuwa nimelia, nimezika, nimetaja jina. Dawa ya nini? Wiki za mwanzo nilikuwa mzima. Kisha usingizi ukaondoka, kisha njaa, kisha nikaanza kuongea haraka hata Sharon akawa ananitazama kwa hofu. Asubuhi moja nilitoka na nguo ya kulalia. Kando ya barabara ya Namanga kuna mama anayeuza mitumba ya watoto. Nilishika sweta ndogo ya bluu, nikakataa kuiachilia. Nilisema ni ya mtoto wangu, wamemficha chini ya marundo ya nguo, na nikaanza kuyatawanya barabarani. Mwenye mali akapiga kelele. Watoto walikuwa wanakwenda shule saa hizo. Wakasimama na mabegi yao. Nikasikia mmoja akisema, "Si huyo ni ticha wetu?"

Sauti ile ninaisikia mpaka leo, na hakuna kidonge kinachoigusa.

Shuleni walikubaliana kwamba malaria ilinipanda kichwani. Baba Sharon alimpigia Daktari simu, naye akaacha foleni yake, akaja Kitengela. Aliviacha viatu vyake mlangoni, na ploti nzima ilipita kuvitazama. Akaketi kwenye kistuli cha plastiki mbele ya kitanda, magoti yake juu kama ya panzi.

"Wewe ulisema dawa haifai," nilimwambia. Nilikuwa nimemkasirikia, nimewakasirikia wote.

"Nilisema haitoshi."

"Ulisema haifai!"

"Nilisema haitoshi, Mwalimu. Lakini nilisema nikiwa na hasira, na mgonjwa husikia hasira kabla ya maneno. Nilikuwa najitetea mimi. Sikufikiri nani ananisikiliza." Akafuta uso kwa kiganja. "Yule mzee nilimpa dawa hakuhitaji. Wewe unahitaji, na nimefanya uitupe. Sasa sijui nikae upande gani."

Ilibidi nidungwe ili nilale, na Sista hakuwepo. Daktari alitayarisha sindano mwenyewe, jasho likimtoka. Alipoichoma aligeuza uso akatazama kalenda ukutani. Hata katika hali ile nilimwona, na nadhani nilicheka. Alinitunza kwa simu kila jioni mpaka nikasimama. Ninameza vidonge hadi sasa, vichache kuliko zamani, na kila mwaka tunakwenda Bungoma kung'oa majani karibu na migomba. Sijui ni kipi kinachonishikilia. Nilimuuliza siku moja, akasema kwa ukali, "Usijaribu tena kujua kwa kutoa kimoja."

Aliondoka kazini baada ya miaka kadhaa. Hakukuwa na sherehe, kliniki ilimleta kijana mwingine, mpole, mwenye kompyuta. Nilisikia tu kwamba Daktari amerudi kwao, ana mbuzi.

Nilimwona mwaka huu, siku ya soko la mifugo Kajiado. Nilikuwa nimekwenda mkutano wa walimu pamoja na Madam Rose, mwalimu mgeni shuleni kwetu. Tunashiriki meza moja ofisini na chakula cha mchana. Hajui chochote kuhusu malaria yangu. Mchana tukaingia hoteli iliyojaa wachuuzi wa ng'ombe. Kwenye kona alikaa Daktari, bila tai, shuka begani, nywele nyeupe. Mbele yake alikaa yule mzee wa shamba.

Mzee alikuwa amekonda. Zile dawa zilimtoka mwilini zamani, lakini mdomo wake haukujua. Ulikuwa bado unatafuna hewa, ulimi unatoka na kurudi. Meza ya pili vijana wa kuchuuza mifugo walikuwa wakimwigiza na kucheka. Daktari aliinua macho, akaniona, akaona niko na mtu. Macho yake yakanipita kama ninavyopitwa na mtu asiyenijua. Nilielewa. Alikuwa ananipa nafasi ya kula chakula changu na kwenda zangu.

"Maskini," Rose alininong'oneza. "Ule mzee ni kichaa?"

"Hapana. Ni dawa zilimfanya hivyo."

"Wewe umejuaje?"

Nilikuwa na uongo mwingi tayari, nimeutunza miaka. Nyama ilikuwa imefika. Niliiangalia, kisha nikainuka nikaenda mpaka kwenye kona. Rose akanifuata, akidhani nimeona jamaa.

Daktari aliniangalia, akamwangalia Rose. "Samahani, mama," alisema taratibu. "Tunajuana?"

"Tunajuana," nilisema. "Mimi ni mgonjwa wako."

Nilimsikia Rose akivuta pumzi. "Daktari wa nini?" aliuliza.

"Wa akili," nikasema.

"Ooh." Akatazama mikono yangu, kana kwamba ingeanza kufanya kitu. "Ngoja niitishe chumvi." Akaenda kaunta, na akabaki huko, ingawa chumvi ilikuwa mezani kwetu.

Yule mzee aliniita nikaribie kwa kidole kinachotetemeka. "Na wewe alikudunga?"

"Mara moja, mzee. Mimi ni wa vidonge."

"Mimi alinidunga sana," alisema, bila hasira, kama mtu anayetaja mwaka wa ukame.

Daktari alitazama chai yake. Nikauliza habari za kesi. Bado iko kortini, alisema. Wanaahirisha, na huku nyumba zinajengwa, sasa kuna za ghorofa. Yeye na mzee hukutana hapa kila siku ya soko. Kulikuwa na swali nililokaa nalo tangu siku ile ya ukumbini, na niliona nisipouliza sasa sitauliza tena.

"Daktari, angekuja kwako leo mtu mwingine, na maneno kama yale ya mzee. Ungemwamini?"

Mzee aliacha kutapatapa kwa vidole, akamgeukia. Nilihisi naye hakuwahi kumuuliza, na alitaka sana kusikia.

Ng'ombe walikuwa wakilia nje. "Sijui," Daktari alisema. "Kuna wengine husema hivyo na ni ugonjwa kweli, nimewaona. Ukikaa kwa ile kiti huwezi kujua." Akamtazama mzee usoni. "Lakini nilikuwa na miguu. Ningeenda kuangalia. Hiyo ndiyo naijua, na nitakufa nayo."

Mzee alifikiri jambo hilo, mdomo ukitafuna. Kisha akasema, "Chai inapoa."

Akanyoosha mkono kushika kikombe. Daktari akakishika kwa chini, wakakiinua pamoja, polepole, na chai ikawamwagikia vidoleni. Vijana wa meza ya pili wakacheka tena. Nikavuta kiti, nikaketi upande wao.